Mpira Chini ya Uwanja

Mjomba wangu, mtunza nyasi wa uwanja mkubwa wa mji wetu, anaitwa Kipara. Kichwani kweli hana kitu, lakini jina halikutoka huko, lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Ukikaa naye jukwaani siku ya mechi, wenzako wanaangalia nani anafunga, yeye anaangalia nyasi chini ya miguu ya wachezaji. "Kuna kipara pale karibu na goli. Kingine kinakuja pale kwenye kona, unakiona?" Huoni kitu. Mchezaji akifunga akateleza kwa magoti kushangilia, uwanja mzima unaruka, mjomba anashika kichwa kama kafiwa. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye fundi umeme wa uwanja, akalipitisha hilo jina rasmi: "Huyu anaotesha nyasi kila mahali isipokuwa pale anapozihitaji."

Kuna watu wanajua nani kauzwa wapi na nani kagombana na kocha, na hawajawahi kujiuliza kwa nini mvua inapiga saa nzima na mpira bado unadunda. Haudundi wenyewe. Kuna mtu kahangaika. Kwa hiyo leo hakuna wachezaji hapa. Leo ni nyasi na maji, na mzee mmoja aliyeharibu kazi yake kwa mkono wake.

Nieleze haraka. Uwanja mkubwa wa nyasi za kweli si shamba lililokatwa vizuri. Juu kuna nyasi, chini yake mchanga, chini ya mchanga kokoto, na ndani ya kokoto kuna mabomba yenye matundu yaliyolazwa kama mifupa ya samaki. Maji yanashuka, yanaingia kwenye matundu, yanakwenda kwenye bomba moja kubwa, na bomba hilo linaishia kwenye chemba iliyo nyuma ya goli la kaskazini. Chemba ni shimo la zege lenye mfuniko wa chuma, kina chake kinammeza mtu mzima. Upande huu maji yanaingia, upande ule yanatoka kwenda mtaroni. Basi, hakuna uchawi. Ukiziba pale yanapotokea, umeziba uwanja wote.

Shida ni kwamba mchanga ule ule unaokuokoa wakati wa mvua unakuua wakati wa kiangazi. Haushiki maji. Unamwagilia asubuhi, mchana yote yako mtaroni, na bomba la mji linatoa maji siku likijisikia. Miaka ya mwanzo mjomba alikuwa anaziona nyasi zinageuka rangi ya gunia mbele ya macho yake. Ndipo akabuni dawa yake. Alichukua mpira mzee wa mazoezi, akautoa upepo, akashuka nao chembani, akausukumia kwenye mdomo wa bomba la kutokea, halafu akaujaza kwa pampu ya mkono mpaka ukabana kabisa. Maji yakakosa pa kwenda. Yakakaa huko chini, nyasi zikawa zinayanywa taratibu. Kiangazi kikiisha anashuka tena na sindano ya pampu, anautoa upepo, anatoka na mpira wake.

Alikuwa anauita kizibo. Alimwonyesha shemeji yake tu, maana lazima awepo mtu wa kunyanyua mfuniko. Ofisini hakusema. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Watu wa ofisini ukiwaambia kitu, wanakifanyia kikao."

Anakaa hapo hapo uwanjani, chini ya jukwaa la kusini. Chumba na sebule. Dari limelala kama ngazi kwa sababu ni ngazi kweli, watu wanakaa juu yake. Siku ya mechi vikombe vinacheza kabatini na huwezi kusikia redio. Mkewe, ambaye wote tunamwita Mama Cherehani, anashona humo humo. Nyavu za magoli zikichanika anazishona yeye, namba za jezi anazibandika yeye. Cherehani iko dirishani, na dirisha linaangalia uwanja.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa kisu. Mjomba anapima unyevu kwa kisu. Anakichoma ardhini, anakivuta, anaangalia mchanga ulioganda kwenye chuma, anaunusa, anajua amwagilie au aache. Na kisu chenyewe kilikuwa cha jikoni.

"Baba watoto, kisu changu kiko wapi?"

"Kiko kazini."

"Kinakata kitunguu au kinakata uwanja?"

"Kitarudi."

"Kikirudi kina mchanga. Jana wageni walitafuna mchanga wakadhani ni chumvi imeganda."

Wamezeeka hivyo, wakigombana kwa sauti ndogo chini ya miguu ya watu.

Sasa kamati ya uwanja ikaanza kusema nyasi bandia. Plastiki. Haitaki maji wala mbolea, haitaki mzee wa kuinusa. Aliyekuwa anapinga ndani ya kamati alikuwa mtu mmoja, meneja wa uwanja, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, ambaye mjomba anamwita bosi ingawa angeweza kumzaa. Aliwaambia wenzake wasubiri fainali. Waje wote, wakae mbele, waone nyasi. Zikifanya vizuri siku hiyo, zinabaki. Zikishindwa, yeye mwenyewe atasaini zing'olewe.

Halafu akamfuata mjomba pale kwenye mashine ya kukatia nyasi, akamwambia wazi.

"Mzee, nimekusemea. Nimeongea mpaka nimekauka. Fainali ikiharibika sina neno lingine la kusema."

"Haitaharibika, bosi."

"Sitaki uniahidi. Nataka uniambie unahitaji nini."

"Sihitaji kitu."

Hapo mimi ningemwambia angalau kuhusu mpira. Yeye akawasha mashine.

Fainali iliangukia mwisho wa kiangazi. Mji mzima ulikuwa rangi ya vumbi, na katikati yake kuna ule mstatili wa kijani hata unaumiza macho. Niliuona. Mistari ya mashine imenyooka, huu mweusi kidogo, huu mweupe kidogo, na kona hazina kipara hata kimoja. Wachezaji walipoingia kupasha viungo wawili wao waliinama wakazigusa. Mjomba aliona. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Asubuhi hiyo meneja alikuwa amepita nyumbani kwao na simu mkononi.

"Wanasema huenda ikanyesha leo. Mifereji iko sawa?"

"Iko sawa, bosi."

Kizibo kilikuwa ndani wakati anasema hivyo. Kilikuwa kimekaa humo tangu kiangazi kianze. Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni na waya begani, akasubiri meneja aondoke.

"Shem, twende tukautoe."

"Nikiutoa sasa, saa tisa mchanga umekauka. Upepo huu unaousikia. Wanakamati watakaa mbele waangalie njano?"

"Na ikinyesha?"

"Haya mawingu ni ya kujionyesha. Tutautoa mechi ikiisha."

"Mimi ni mtu wa taa," shemeji akasema. "Maji si yangu. Lakini mimi ningeutoa."

"Ndiyo maana wewe ni mtu wa taa."

Wakacheka. Shemeji mpaka leo hapendi kukumbushwa kwamba alicheka.

Mvua ilikuja kabla ya mapumziko, na haikuja na manyunyu ya kubisha hodi. Ilimwagika. Jukwaa la wazi likafunguka miavuli, watoto wakapiga kelele za furaha, na kwa dakika chache mchezo ukawa mtamu kweli, mpira unateleza, makipa wanababaika. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mjomba. Akasimama. Hakuwa anaangalia juu mvua inakotoka, alikuwa anaangalia pale katikati, kwenye duara.

"Yanapanda," akasema.

"Nini kinapanda?"

Akaanza kushuka ngazi za jukwaa. Mchanga ulikuwa umeshiba toka chini, mwenyewe ndiye aliyeushibisha, na hapakuwa na nafasi hata ya glasi moja. Maji ya mvua yaliyakuta maji mengine yamekaa. Duara la katikati likaanza kung'aa, halafu mbele ya goli. Pasi moja ikapigwa, ikafika nusu ya safari, ikasimama. Watu wakacheka. Ya pili ikasimama, wakapiga miluzi.

Filimbi ya mapumziko ilimkuta mjomba ameshafika nyuma ya goli la kaskazini. Shemeji akanyanyua mfuniko. Chemba ilikuwa imejaa karibu na mdomo, maji meusi, yametulia. Siku zote mjomba alikuwa anashuka kwa ngazi ya chuma mguu mkavu. Sasa alivua shati, akameza pumzi, akazama. Shemeji kamshika mkanda wa suruali. Nilikuwa nimesimama pale na sikuwa na la kufanya, mvua inaniingia machoni.

Akatoka. "Umeingia ndani. Maji yameusukuma. Naugusa kwa vidole tu."

"Sindano?"

"Tundu lake silioni. Umegeuka."

Akazama tena na kisu cha Mama Cherehani. Alikaa huko mpaka shemeji akaanza kumvuta kwa nguvu. Kisha tukaona maji ya chemba yanazunguka, yanashuka kidogo, na mjomba akaibuka mdomo wazi, karibu acheke. Ameutoboa. Maji yanakwenda. Yalishuka kama kiganja hivi. Halafu kukasikika sauti fulani huko chini, kama mtu anayemeza tonge kubwa, na yakasimama.

Ngozi ya ule mpira, sasa haina upepo, ilivutwa na maji mpaka kwenye kiwiko cha bomba, ikajikunja pale kama tambara kwenye tundu la sinki. Mpira wenye upepo ulikuwa umbali wa vidole. Ule mtupu hakuna mkono wa mtu unaoufikia.

Alijaribu waya wa shemeji, akajaribu mpini wa reki, na maji yakaendelea kupanda.

Uwanjani refa alitoka na mpira mkononi kwenda kupima, kama wanavyofanya. Akaunyanyua usawa wa kifua, akauachia. Ukaanguka chini, ukabaki pale pale. Akasogea mbele, akauachia. Chwa. Akaenda mpaka mbele ya goli, watu wote wanamwangalia, akauachia mara ya mwisho, akauokota, akatikisa kichwa. Mechi ikavunjwa. Chupa zikaanza kuruka. Wanakamati waliondoka na viatu mkononi. Meneja alibaki amesimama ukingoni bila mwavuli mpaka jukwaa likawa tupu.

Kesho yake aliletwa injinia wa mabomba. Kijana mpole, ananong'ona. Chemba ilikuwa imeshushwa maji kwa pampu. Alimulika, akaingiza waya mrefu, ukagonga kitu pale kwenye kiwiko. Akapanda juu, akajifuta.

"Kuna kitu kimeziba. Inaweza kuwa bomba limeporomoka, inaweza kuwa mizizi. Sitaki kubahatisha." Akamgeukia mjomba, kwa heshima kabisa. "Mzee, wewe ndiye mwenye uwanja. Kuna chochote kingeweza kuingia humu?"

Meneja alikuwa hapo. Shemeji alikuwa hapo, akaangalia nguzo ya taa kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Hapana," mjomba akasema. "Hakuna."

"Basi itakuwa bomba. La hapa likioza, na ya chini ya uwanja ni ya umri huo huo. Hapo ni kuchimba yote."

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Angesema, wangepasua pale kwenye kiwiko, nyuma ya goli, hata kwenye nyasi hawafiki, wangevuta lile tambara, wangefukia. Nyasi zisingejua. Yeye angefukuzwa, ndiyo. Lakini zingebaki.

Jioni alimwambia mkewe. Mama Cherehani alisimamisha cherehani, akakaa na mguu juu ya pedali.

"Ukisema, sisi tunalala wapi?"

"Sijui."

"Hiki chumba ni cha kazi. Si chako wala si changu. Unajua kodi ya huko nje? Na nani atakupa kazi, mzee mwenye kisu?"

"Nisiposema wanachimba uwanja wote."

"Nyasi zinaota tena, baba watoto. Kazi haioti."

Sitamlaumu. Wanaomlaumu Mama Cherehani wana nyumba zao. Mwenye mdomo alikuwa mumewe, na siku zilifuatana, meneja anapita, anasalimia, "Mzee, uko salama?" naye anajibu, "Niko salama, bosi."

Kamati ilikaa. Hoja yao ilikuwa rahisi, hata mimi sina cha kuipinga. Kama mabomba yameoza na lazima tuchimbe, tuchimbe mara moja na tuweke plastiki. Meneja alisaini, kama alivyoahidi.

Zile nyasi zilikatwa vipande, zikaviringishwa kama mikeka, zikarundikwa nje ya geti. Watu wa mtaa walikuja na mikokoteni wakajichukulia. Wengine waliweka mbele ya nyumba, zikafa ndani ya wiki. Mjomba alikuwa anapita kwenye hizo nyumba njiani kwenda dukani, akabadilisha njia.

Halafu likaja katapila la kuchimbua mabomba. Lilivunja chemba, likapasua kiwiko, na dereva akashuka kuangalia kilichokuwa kimening'inia kwenye jino la bakuli lake la kuchotea udongo. Akakichomoa, akakirusha juu, akakipiga teke.

"Jamani," akawaambia wenzake, "mchezaji aliyeharibu fainali huyu hapa. Mpeni kadi nyekundu."

Wakacheka. Ile ngozi ikaangukia karibu na miguu ya meneja, ambaye alikuwa amekuja kuangalia kazi. Akainama akaiokota. Mipira yote ya pale ina alama ya rangi ya kijani, mjomba mwenyewe ndiye anayeipaka. Na chini ya alama kulikuwa na mpasuko ulionyooka, wa kisu.

Alimtazama mjomba, aliyekuwa amesimama pembeni. Mjomba hakukimbiza macho, hilo nampa.

"Hii ni ya kwetu?"

"Ya kwetu, bosi."

"Imefikaje humo?"

Akamweleza yote. Kiangazi, pampu, kizibo, asubuhi ya fainali, vidole vilivyoshindwa kufika. Alieleza taratibu kama mtu anayeelekeza njia. Meneja alisikiliza mpaka mwisho na ile ngozi mkononi inadondosha maji kwenye kiatu chake.

"Injinia alikuuliza mbele yangu."

"Ndiyo."

"Ungesema siku ile, tungetoa hiki kitambaa kabla ya chakula cha mchana. Nyasi zingekuwa pale."

"Ndiyo, bosi."

"Nilikwenda kwenye kamati nikawaambia mabomba yameoza. Nimesema mimi, kwa mdomo wangu."

Mjomba akatoa funguo mfukoni, ule wa stoo, wa mashine, wa nyumba, rundo zima, akamnyooshea. Meneja aliziangalia. Nadhani alizitamani. Angezichukua, mambo yangekwisha pale, mmoja mkosaji na mmoja mkali, kila mtu aende zake.

"Baki nazo," akasema. "Wakimaliza kutandika, kuna mashine ya kupiga brashi. Mtu wa kuiendesha atahitajika."

Akaondoka na ule mpira. Sijui aliupeleka wapi. Tangu hapo hamwiti tena mzee. Akimhitaji anamtuma mtu.

Basi ndiyo kazi yake sasa. Kila asubuhi anazunguka na mashine ya brashi juu ya plastiki, anasimamisha manyoya yaliyolala, anaokota bigijii zilizotafunwa na vishungi vya sigara. Kipara hakuna, hakiwezi kutokea. Vijana wapya wa uwanjani bado wanamwita jina lake, wanadhani ni kwa sababu ya kichwa, na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha. Jua likiwaka uwanja unanuka kama tairi. Mama Cherehani amehamisha cherehani, haiko tena dirishani, anasema mwanga wa upande ule unamuumiza macho. Kisu kimerudi jikoni na hakitoki. Mara ya mwisho nilipokula kwao mjomba alitafuna kitunguu taratibu, akaangalia sahani, akaendelea.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha nikiwa pale. Mchana, mvua ya kweli, ya kuvunja mechi. Mjomba akaweka kikombe chini, akavaa buti, akatoka. Nilimfuata. Alikwenda nyuma ya goli la kaskazini, kwenye chemba mpya, akanyanyua mfuniko peke yake maana shemeji haji tena kwa kazi hizo. Akapiga magoti, akainamisha sikio. Huko chini maji yalikuwa yanakimbia, mengi, bila kizuizi, yanapita kuelekea mtaroni.

"Yanapita vizuri," akaniambia.

Nikamwambia turudi ndani, ameloa.

"Sikiliza, mpwa. Yanapita vizuri kabisa."

Akabaki amepiga magoti.